Tumbo la Matonya

Matonya hakuwa mlevi. Naanza na hilo, maana hata leo ukipita Ihumwa ukauliza mume wangu mimi Raheli alikufa kwa nini, kuna watakaokujibu kwamba pombe ilimmaliza, na anayekujibu hamjui Matonya hata kwa sura. Pombe alikunywa kama anavyokunywa mwenye shamba la mtama, siku ya ngoma na siku ya mavuno, kisha akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Walevi nawajua. Wawili nimezaliwa nao tumbo moja.

Kilichomwanzia ni nyama. Jirani yetu aliozesha binti, akachinja fahali, na Matonya kama mtu wa heshima akapewa nundu. Nilimkonyeza asile. Kwa muda mrefu alikuwa akila mafuta tu anashika mbavu za kulia na kukaa kimya nusu siku, mpaka maumivu yapite. Lakini baba wa bibi arusi amesimama mbele yako na nundu mkononi, watu wote wanatazama, utamwambia nini? Alikula, akasifu, akaomba maji.

Hatukufika nyumbani. Njiani alishikwa chini ya chembe ya moyo na maumivu yaliyompenya hadi mgongoni, akapiga magoti kwenye mchanga akatapika nundu, akatapika maji, akatapika nyongo, na vyote vilipokwisha akaendelea kutapika hewa. Hakuweza kulala chali. Alikaa amejikunja, magoti yamebana kifua, na kila nilipojaribu kumnyoosha alinitukana, yeye ambaye tangu anioe hakuwahi kunitukana.

Baadaye ubavuni mwake kukatokea weusi. Hakuna aliyemgusa. Ngozi iligeuka rangi yenyewe, ubavu huu na ule, na kuzunguka kitovu, kama mtu aliyechapwa kwa rungu. Nilipoona hivyo niliwaita kaka zangu, tukamweka kwenye machela tukampeleka Dodoma.

Siku hizo reli ilikuwa imeshapita, na karibu na stesheni Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa yenye daktari wao. Aliyetafsiri alikuwa Halfani, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole mwenye kofia safi. Daktari alimwinamia Matonya akamnusa mdomo. Akamfunua shuka, akaona ule weusi, akacheka puani.

"Anasema mumeo amelewa akapigana," Halfani akasema.

"Mwambie hajapigana na mtu. Mwambie weusi umekuja wenyewe."

Halfani akamwambia. Daktari akajibu huku ameshaanza kunawa mikono.

"Anasema Wagogo wote husema hivyo."

Tukapewa mafuta ya mbarika ya kumharisha, na onyo kwamba akirudi tena na ulevi wake, dawa itakuwa kiboko. Haya yalisemwa mbele ya mtu anayegumia kwa uchungu na asiyeweza hata kukunjua mgongo ajitetee. Nilimnywesha yale mafuta. Ningefanya nini? Nilimnywesha, akaharisha, na juu ya maumivu yake nikamwongezea fedheha.

Tuliporudi Ihumwa tulidhani tunamrudisha kufa. Mkojo ulikauka, siku nzima akitoa kidogo, ni mweusi kama maji ya chuma. Pumzi zikawa fupi kama za mtu anayepanda mlima, ilhali amekaa tu. Majirani walikwishaanza kuja na kukaa kimya uani, ule ukimya wa watu wanaosubiri kilio kianze. Kisha, sijui kwa nini, mkojo ukarudi. Pumzi zikarudi. Asubuhi moja akaniita akaomba uji, akanywa nusu kibuyu, na mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya ghala ili asinisikie.

Laiti furaha ile ingekuwa ya kweli. Mwezi mmoja haukuisha kabla homa haijaingia. Chini ya mbavu ukaota uvimbe mgumu, na kutoka hapo tumbo likaanza kujaa, likajaa, mpaka kitovu kikatokeza nje. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vijiti na juu yake tumbo la mwanamke wa kujifungua kesho. Ndipo Ndahani alipoanza kuja kila siku.

Ndahani ni mdogo wake Matonya, baba mmoja. Lazima nieleze, maana si kila msomaji ni mtu wa kwetu. Pale kwetu mwenye tembe, nyumba yetu ya udongo, akifa huzikwa ndani ya zizi lake, kati ya ng'ombe wake. Akishazikwa humo, zizi ni la watoto wake, hakuna wa kulivunja. Lakini anayekufa tumbo limevimba, wazee walisema ardhi imemkataa. Akiwekwa zizini mvua itakatika na ng'ombe watazaa mizoga. Huyo hutolewa porini kabla pumzi haijakatika, akaachwa kwenye miiba. Na zizi lisilo na kaburi la mwenyewe huvunjwa. Ng'ombe, mke, watoto, vyote humwangukia ndugu. Ndugu alikuwa Ndahani. Sisemi aliomba tumbo livimbe. Nasema alikuja kulipima kwa macho kila asubuhi, na aliporudi kwake hakuwa na uso wa huzuni.

Siku aliyokuja na mzee Masaka, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya maziko na mvua, nilijua hukumu imeshatoka.

"Mbukwenyi," wakasalimu, nikawaitikia.

"Shemeji," Ndahani akasema, "hili sasa si letu tena. Ni la ardhi."

"Ardhi ndiyo iliyokutuma?"

"Acha majibu yako ya Buigiri."

Buigiri ndiko nilikobatizwa na kufundishwa kusoma, na kila nilipomshinda kwa maneno Ndahani alilaumu misheni. Basi nilikwenda huko huko misheni kuomba msaada. Mwinjilisti Yoramu alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema pole sana, lakini Matonya hakubatizwa na makaburi yao ni ya waliobatizwa. Alisema kwa upole mno. Heri angenifukuza, ningejua pa kuelekeza hasira yangu.

Niliporudi, Matonya alikuwa amesikia kila kitu. Kuta za tembe ni udongo tu. Alinishika kifundo cha mkono.

"Raheli," akasema, "wasinitupe."

Nikamwambia hawatakutupa. Sikuwa na njia yoyote nilipotamka hivyo. Nilitamka tu, kisha nikaenda kuwatafuta kaka zangu. Kwa rehema za Mungu siku ile hakuna aliyekuwa amepika pombe, nikawakuta wazima wote wawili. Tukambeba tena kwenda Dodoma, tukipita upande wa nyuma, na Ndahani akatufuata hadi mwisho wa mashamba akipiga kelele kwamba tunamwibia ardhi mtu wake.

Safari hii daktari hakumnusa mdomo. Alilibonyeza lile tumbo, akaligongagonga kwa vidole, akaacha kucheka. Lakini hakuwa na la kufanya, au hakulifanya, mimi nitajuaje? Matonya alikufa asubuhi kweupe, mimi nimemshika mguu, kwa kuwa mguu ndio pekee uliokuwa haumuumi.

Sijamaliza hata kumfunga kidevu, Halfani akanijia. Alisimama pembeni akiitazama kofia yake.

"Dada, pole. Bwana Daktari anaomba ruhusa ampasue. Anataka kuona."

Niliinuka. Nadhani hata kofia ile ilitetemeka.

"Alipokuwa hai hakutaka kumtazama nje, sasa amekufa anataka kumtazama ndani?"

Halfani hakujibu. Mtu mwema ana namna yake ya kuudhi. Ananyamaza mpaka hasira inakurudia mwenyewe. Nikageuka kumtazama mume wangu, na nikaliona lile tumbo likiwa limeinua shuka. Nililitazama kwa muda. Ndahani alikuwa analisubiri nyumbani.

"Humo ndani kuna nini?" nikauliza.

"Maji, dada. Na usaha."

"Yakitoka, tumbo litalala?"

Akanitazama, akaelewa, macho yake yakalegea. "Litalala."

"Basi apasue. Lakini mimi nakaa mlangoni, na akimaliza atakuja aniambie alichokiona. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

Nilikaa mlangoni. Sitasema nilichokisikia wala harufu iliyotoka. Alipofungua mlango, yule bwana alikuwa na furaha. Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga kofi. Alikuwa na uso wa mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea, akaongea haraka haraka, na Halfani akawa anamfukuzia kwa nyuma.

Akasema nyuma ya tumbo la chakula kuna kinyama laini kirefu. Nikakijua. Ni kongosho, kwetu ukichinja unawatupia mbwa. Akasema kongosho hutoa maji ya kuyeyusha chakula, nyama na mafuta yote, na maji hayo hutokea kwenye mlango mmoja na nyongo. Kwenye kifuko cha nyongo cha Matonya mlikuwa na vijiwe. Kimoja kilitoka, kikaziba mlango. Yale maji yakakosa pa kwenda, yakaanza kuyeyusha kongosho lenyewe. Lilijila. Mafuta ya tumboni yakaganda matone meupe kama ya mshumaa, na damu ikavuja ndani kwa ndani mpaka ikaonekana mbavuni.

"Ule weusi?" nikasema.

"Ndio huo, dada."

"Si ugomvi."

Halfani akauliza, akajibiwa. "Si ugomvi."

Akaendelea. Siku za mwanzo wengi hufa kwa sababu mwili mzima huwaka. Figo zinaacha kutengeneza mkojo, mapafu yanajaa. Matonya alipita hapo, jambo ambalo bwana yule alilisifu, kana kwamba mume wangu alikuwa farasi. Lakini nyama iliyokufa ilibaki ndani, ikaoza, uozo ukaingia kwenye damu. Huo ndio uliomuua.

"Muulize kama vijiwe vile huletwa na pombe."

Akauliza. "Hapana. Anasema haviletwi na pombe."

"Basi mwambie aseme kwamba alikosea."

Halfani akatazama miguu yake. "Dada, hilo siwezi kulitafsiri."

"Kwa nini? Wajerumani hawana neno hilo?"

Hakulitafsiri. Daktari akadhani mazungumzo yamekwisha, akageukia meza, na hapo ndipo nilipoiona chupa. Chupa ya kioo, mdomo mpana, na ndani yake, ndani ya maji makali yenye harufu, mlikuwa na kipande cha Matonya. Rangi ya kijivu, na matone meupe. Nikauliza kile kinakwenda wapi. Kinakwenda Ulaya, nikaambiwa, kitawasaidia wagonjwa.

"Wagonjwa wa wapi?"

Hilo Halfani alilitafsiri. Daktari akacheka, akidhani nimefanya mzaha.

Nilisimama pale nikiwa mwanamke mmoja mwenye kaniki, na nje kulikuwa na askari wawili. Kuna hasira ambayo ukiitoa yote inakuua wewe, si aliyekukosea. Nikasema basi kama yeye anabaki na chupa, mimi nipewe vijiwe, vilikuwa vya mume wangu. Akafikiri kidogo, akajichagulia kikubwa, vilivyobaki akanifungia kwenye kipande cha bendeji. Vilikuwa vya rangi ya udongo, vina pembe, vikubwa kidogo kuliko punje za mtama. Nilivitaka ili niwe na ushahidi. Nilidhani nikiwa na ugonjwa wenyewe mkononi, hakuna atakayesema ardhi.

Tukamrudisha Ihumwa siku ile ile, tumbo limelala chini ya shuka kama la mtu aliyeshinda na njaa. Ndahani alikuwa ameweka gogo mlangoni mwa zizi. Masaka alikuwepo, na wazee wengine, na wake zao nyuma yao, na Ruthu binti yangu amewashika wadogo zake.

Ndahani hakusubiri hata machela iguse chini. Akafunua shuka. Pale palikuwa na ushonaji wa daktari, toka kifuani mpaka chini ya kitovu, mishono mirefu kama ya gunia. Watu wakaguna.

"Mmemtoboa," Ndahani akasema. "Mnadhani sisi watoto? Mtungi ukiumwaga, ndiyo kusema haukuwa na maji? Huyu ni wa porini."

Kaka zangu wakanitazama. Nikafungua bendeji. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba tumbo hili halikuvimba kwa ardhi, lilivimba kwa vijiwe hivi, vimekutwa ndani yake, daktari wa Wajerumani amevitoa kwa mkono wake na Halfani wa Kondoa ni shahidi.

Masaka akanyoosha kiganja, nikammiminia. Akavigeuza juani.

"Vimetoka tumboni mwake?"

"Ndiyo."

"Mjerumani ndiye aliyevitoa? Si mganga?"

"Mjerumani."

Akavuta pumzi ndefu, na nikaona anaamini. Lakini hakuamini nilichokisema mimi. Kwetu tangu zamani waganga huwekea wagonjwa pembe, wakanyonya, wakatema kijiwe na kusema hiki umetupiwa na adui yako. Wenye akili walishuku kwamba mganga alikuwa nacho shavuni tangu nyumbani. Sasa hapa alikuwa mzungu, asiyejua uchawi wetu wala kulipwa kwa ajili yake, amepasua mtu akakuta mawe kweli. Ile kazi yote ya waganga, yule bwana alikuwa ameithibitisha bila kujua.

"Ardhi haikumkataa," Masaka akasema. "Mtu amemuua. Aliyeuawa hana kosa na ardhi. Huyu huzikwa kwake."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari: mzee, havitupwi, vinaota vyenyewe, hata ng'ombe huwa navyo kwenye nyongo na wewe umeviona mara ngapi ukichinja. Neno la kwanza lilikuwa ulimini. Nikaiona miiba ya porini, nikaliona gogo mlangoni mwa zizi. Nikafunga mdomo.

Wanaume wakaanza kuondoa gogo. Ndahani hakushika. Alikuwa anahesabu vitu kichwani, unamjua mtu akifanya hivyo, midomo inacheza.

"Mawe hayapiti puani," akasema polepole. "Aliyelishwa mawe, amelishwa na anayempikia."

Macho yote yakanijia. Ya wazee, ya wake zao, ya kaka zangu pia, walevi wale niliowalea. Zamani wangenipa mwavi ninywe, nikifa ni mchawi. Boma lilikuwa limekataza na linanyonga watu kwa hilo, hiyo ndiyo asante pekee niliyowahi kuwapa Wajerumani. Lakini bila mwavi bado wangeweza kunifukuza mimi, wabaki na zizi na wanangu.

Nilichoka. Nilichoka kuwaeleza watu wanaotazama mwili wa mume wangu na kuona wanachokitaka. Huyu kaona ulevi, huyu ardhi, huyu kaona chupa ya kupeleka kwao, na sasa wameniona mimi. Basi, nikasema moyoni, wanione.

"Ndahani," nikasema, "tangu niolewe hapa nina chungu kimoja. Umekula kwangu masika na kiangazi, mara nyingi bila kukaribishwa. Kama mimi nalisha watu mawe, wewe unayo mangapi?"

Mkono wake ukaenda wenyewe, ukatua chini ya mbavu za kulia.

"Chimba kaburi la kaka yako," nikamwambia. "Chimba hayajaanza kukua."

Alichimba yeye mwenyewe, mpaka mwisho, bila kupokewa. Matonya akalazwa zizini, amelala ubavu, kichwa mawio, ng'ombe wake wakipumua nyuma ya uzio. Hakuwa kamili, na mimi na kaka zangu peke yetu ndio tuliojua. Ndahani hakuuliza ng'ombe, hakuuliza mbuzi, hakuuliza ni nani atamrithi mjane. Wazee waliniaga kwa heshima ambayo hawajawahi kunipa, wakitazama pembeni.

Kabla hawajaondoka nilipika, kama inavyompasa mwenye msiba kuwapikia waliochimba. Ugali wa uwele na mlenda. Wakanawa mikono, wakakaa, na hakuna aliyeanza. Mmoja akakumbuka mbuzi aliyemwacha malishoni. Mwingine akasema msiba umemkata hamu. Masaka alisema macho yake hayaoni vizuri jioni na nyumbani ni mbali. Kaka zangu wakasema watakula baadaye, wakaenda walikokwenda.

Akabaki Ruthu, hajala tangu jana. Alikata tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalifikisha karibu na mdomo, akalisimamisha hapo.

"Mama," akasema, "wewe kula kwanza."